Kamba ya Kuanikia na Daraja la Katembe

ZUHURA: Karibuni tena. Kaka Baraka, juzi nilimwambia shemeji daraja la Kigamboni ni la kuning'inia. Akanicheka.

BARAKA: Pole, dada. Pale nyaya zinatoka mnarani zinanyooka hadi barabarani. La kuning'inia lenyewe kalione Maputo, la kwenda Katembe, lililofunguliwa 2018. Mnara hadi mnara ni mita 680, katikati hakuna nguzo.

ZUHURA: Sasa barabara inashikwa na nini?

BARAKA: Kwenu mna kamba ya kuanikia nguo?

ZUHURA: Ipo.

BARAKA: Basi. Lori likipita, uzito wake unapanda kwanza: barabara imening'inizwa kwa vyuma kwenye kebo kuu. Kebo inaikandamiza minara, halafu ncha zake mbili zinavuta ufukweni, kwenye mabonge makubwa ya zege yaliyofukiwa ardhini. Tuyaite nanga. Watu wanapiga picha minara, lakini nanga zikisogea hakuna daraja.

ZUHURA: Mbona wasiikaze kebo inyooke? Ile inayolegea hainipendezi.

BARAKA: Ukiikaza kamba ya nguo, nini kinang'oka?

ZUHURA: Msumari!

BARAKA: Ndiyo hivyo. Kebo ikishuka katikati kwa sehemu moja ya kumi ya umbali wa minara, inavuta kwa ulalo nguvu kama mara 1.25 ya uzito wote unaoning'inia hapo. Punguza huko kushuka nusu, inakuwa mara 2.5. Kule kulegea ndiko kunakoziokoa nanga.

ZUHURA: Na nikitundika kanga mbichi upande mmoja, kamba inajipinda yote.

BARAKA: Hapo umenifikisha nilipotaka. Lori zito upande mmoja, kebo inabadili umbo, kwingine barabara inainuka. Ndiyo maana chini ya barabara huwekwa fremu au sanduku la chuma gumu, lisambaze uzito. Wa Tacoma, Marekani, walibana matumizi hapo. Daraja refu mita 853 kati ya minara, pana kama mita 12 tu, na pembeni kuta za chuma zisizo na tundu, kimo mita 2.4. Lilifunguliwa Julai 1940. Novemba 7 mwaka huohuo likaanguka.

ZUHURA: Lilizidiwa na magari?

BARAKA: Wapi! Uzito lingeubeba. Ni upepo wa kilomita 64 hivi kwa saa. Wengi husema upepo ulipiga kwa mdundo uleule wa daraja, mimi sikubali; ulikuwa unavuma mfululizo. Barabara ikijipinda kidogo, upepo unaikuta imekaa pembe nyingine, unaizidishia. Ikirudi, unaisindikiza tena. Tanga la dau likilegea linavyopigapiga, umeliona? Daraja lilikuwa likijichochea lenyewe.

ZUHURA: Na jepesi pia.

BARAKA: Jepesi mno. Zito lingekuwa gumu kutikisika. Lililofuata, la 1950, wakalipanua, wakaweka fremu ya vyuma yenye kimo cha mita 10 inayopitisha upepo, na hata barabarani wakaacha nafasi za wavu. Lipo hadi leo.

ZUHURA: Walikufa wangapi?

BARAKA: Mtu, hakuna. Alikufa mbwa, Tubby, alibaki ndani ya gari. Walijaribu kumtoa, akang'ata.

ZUHURA: Shemeji anafuga mbwa. Hiyo simwambii.