Kiasi Kimoja kwa Bunduki na Bastola: Mhadhara Uliotolewa Ngomeni, Lamu

Assalamu alaykum, wazee wangu, walimu wenzangu na vijana mliofika hapa uani mwa Ngome jioni hii. Nimeombwa nizungumzie historia ya silaha, nami nimechagua kipande kidogo tu cha historia hiyo: ile hamu ya mtu kumiliki bunduki na bastola zinazolishwa kwa risasi za aina moja. Kabla sijaendelea, niruhusuni nilirudishe neno la zamani. Siku hizi twasema risasi kwa kila kitu, ilhali risasi kwa asili ni yale madini laini ya kijivu. Ganda, fataki (kile kiwashio kidogo kitakoni mwa ganda), baruti na risasi vikiwa kitu kimoja, wazee wa pwani walikiita kiasi. Nitalitumia neno hilo, kwa kuwa mada yetu yote imo ndani ya kiasi.

Zama za gobori, bunduki ya kushindiliwa kwa mdomoni, swali hili halikuwapo. Aliyekuwa na bunduki na bastola za gumegume, yaani za kuwashwa kwa cheche za jiwe, alichukua baruti katika pembe moja, akaimimina katika kasiba (mtutu) hii au ile, kisha akashindilia kwa mdeki. Alichobagua ni ukubwa wa risasi tu, na hiyo nayo aliweza kuiyeyusha na kuisubu upya katika kalibu nyingine. Marehemu babu yangu alikuwa akihadithia kwamba dhiki ilipozidi, gobori lilikula hata chubwi za mishipi ya kuvulia.

Kiasi cha ganda la shaba kilipokuja, katika karne ya 19, kiliondoa taabu ya mvua na unyevu, lakini kiliwatenganisha ndugu hao wawili, kwa sababu ganda huingia katika chumba kilichochongwa kwa kipimo chake na si kwingine. Mfano ulio wazi ni wa jeshi la Marekani. Mwaka 1873 lilichagua bunduki ya Springfield na bastola ya Colt, zote mbili zikiitwa za 45, yaani upana wa kasiba wa sehemu 45 katika mia za inchi. Hata hivyo kiasi cha bunduki kilikuwa kirefu chenye baruti nyingi, na cha bastola kifupi, wala hapakuwa na namna ya kuazimana. Wapanda farasi wa jeshi hilo waliopigana na wenyeji asilia wa Marekani huko Little Bighorn mwaka 1876 walibeba silaha hizo mbili na viasi vya aina mbili.

Raia wa nchi ileile walipata njia nyingine. Kampuni ya Winchester, mwaka huohuo wa 1873, ilitoa bunduki ya wenzo, ile inayojazwa kwa kushusha na kupandisha mkono ulio chini yake, yenye kiasi kilichokuja kujulikana kama .44-40: risasi ya gramu 13 hivi, iliyosukumwa na baruti nyeusi ya gramu mbili na nusu kupita kidogo. Colt nao, kufikia mwaka 1878, wakaanza kuuza bastola yao ya matundu sita iliyochongwa kwa kiasi hichohicho. Mchunga ng'ombe aliyekuwa mwendo wa siku kadhaa kutoka dukani akawa na mkanda mmoja kiunoni, na chochote alichotoa mkandani kiliingia katika silaha yoyote aliyoishika. Mabaharia wa hapa mtanielewa upesi, kwani nahodha hapendi jahazi ambalo kila kamba yake yataka kapi ya namna yake.

Hata hivyo, nadhani wengi hukosea wanapodhani kwamba faida hiyo ilikuwa ya nguvu. Ilikuwa ya shehena. Kiasi cha kuridhisha silaha mbili huwa kimezidi kwa mkono ushikao bastola na kimepungua kwa bega liegemezwalo bunduki. Ni kweli kwamba kasiba ndefu huipa hewa moto ya baruti muda zaidi wa kuisukuma risasi, hivi kwamba kiasi kilekile hutoka bundukini kwa kasi kuliko bastolani; lakini risasi ile nzito, butu na ya mwendo wa wastani huanza kushuka mapema, na kwa masafa marefu haikuwa mshindani wa kiasi halisi cha bunduki. Ubutu wake wenyewe una sababu: katika bunduki hizo viasi hulala kwa foleni ndani ya bomba lililo chini ya kasiba, na ncha kali ingegusa fataki ya kiasi kilicho mbele yake na huenda ikakifyatua.

Kisha ikaja baruti isiyo na moshi, na hapo jina likaanza kudanganya. Mwanzoni mwa karne ya 20 Winchester waliuza viasi vya .44-40 vya kasi kubwa kwa ajili ya bunduki yao imara zaidi ya mwaka 1892, na masanduku yakaonya visitumiwe katika bastola. Jina moja, ganda moja, umbo moja, lakini shinikizo la ndani lilikuwa jingine kabisa. Majeshi ya baadaye yaliitatua shida hiyo ya kiasi kimoja kwa silaha mbili kwa kuanzia upande wa bastola: Wajerumani walitumia milimita 9 katika bastola na katika bunduki fupi ya rashasha, na Warusi wakafanya vivyo hivyo kwa kiasi chao cha milimita 7.62.

Hapa kwetu Kenya hesabu ni nyingine. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti hutaja silaha yenyewe na pia idadi ya viasi ambavyo mwenye cheti aweza kununua na kuwa navyo kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mwenye silaha mbili za kiasi kimoja hapunguziwi lolote katika kuomba. Kila silaha yaombewa kwa sababu yake.

Kijana mmoja aliniuliza mlangoni kama .38 Special na .357 Magnum, viasi viwili vya bastola, ni mamoja, kwa kuwa amesikia kwamba zaingiliana. Zaingiliana kwa upande mmoja tu. Kiasi cha .38 huingia na kufyatuka salama katika silaha ya .357, ila cha .357, kilichotolewa mwaka 1935, kilirefushwa kwa makusudi milimita tatu na ushei ili kisikae katika bastola za .38, ambazo hazikuundwa kuhimili nguvu yake. Unene wa maganda hayo ni uleule, na jina la kila kimoja limechongwa kitakoni mwa ganda, kwa herufi ambazo mimi sasa sizisomi ila kwa miwani.