Jinsi ya kuchaji gari la umeme kwa sola nyumbani, Arusha

Karibu mtazamaji. Kabla hujashika bisibisi, shika kwanza jambo hili: gari linachajiwa jua likiwa juu. Betri ya ukutani ni ya taa, friji na wingu linalopita. Ukijaza gari usiku kutoka kwenye betri hiyo, umeme unaingia betri moja, unatoka, unaingia nyingine, na karibu robo yake inaishia kuwa joto tu.

Tuanze na hesabu. Chukua mtu anayetoka Usa River kwenda mjini na kurudi, tuseme kilomita 40 kwa siku. Gari dogo kama Nissan Leaf hula takriban uniti 15 kwa kilomita 100, kwa hiyo hapo ni uniti 6. Ongeza zinazopotea wakati wa kuchaji, weka 7. Paneli 8 za wati 550 kila moja zitakupa kama uniti 16 siku ya jua zuri, nyumba ikala, gari likala. Mwezi wa Sita na wa Saba, wingu linapokaa hadi mchana, usitegemee zaidi ya uniti 10 au 11. Pigia hesabu miezi hiyo. Ya Januari inadanganya.

Kwenye bati, laza paneli kwa nyuzi 10 hivi zikitazama kaskazini. Jua letu linapita karibu utosini, kwa hiyo mwinamo huo ni wa kusaidia mvua iteremke na vumbi.

Sasa sogea hapa, tazama lebo ya nyuma ya paneli. Tafuta palipoandikwa Voc, yaani volti za paneli ikiwa haijaunganishwa na kitu. Hii ni volti 50. Paneli 8 kwa mstari mmoja ni volti 400, na inveta hii, mashine inayogeuza umeme wa paneli uwe wa nyumbani, mwisho wake ni 500. Kuna fundi atakwambia weka 10, zinaenea kamili. Kataa. Paneli ikipoa volti zinapanda, na alfajiri ya Julai hapa Arusha ni baridi kweli. Asubuhi, jua linapochomoza, zile 500 zitavuka kikomo, na inveta inaweza kuungua.

Waya wa gari utoke kwenye breka yake peke yake: waya wa milimita 4, breka ya ampea 20, na RCD, swichi inayokata umeme unapovuja, ya aina A, miliampea 30. Usichanganye na soketi za jikoni. Ekstensheni usiiguse kabisa. Soketi nzuri ni ile ya bluu ya viwandani, ampea 16. Ya kawaida ya pini tatu inafaa ikiwa imara na huvuki ampea 10, kwa sababu pasi inatumika dakika 10 lakini gari linavuta saa tano mfululizo. Na soma kibandiko cha chaja iliyokuja na gari kutoka Japani: ikiwa imeandikwa volti 100 au 200 tu, iweke kando, tafuta ya 220 hadi 240.

Hapa ndipo wengi wanakwama. Umeme wa TANESCO ukiwepo, gari linachaji. Ukikatika, inveta inashika nyumba yote, taa zinawaka, lakini chaja inawasha taa nyekundu na kugoma. Chaja haijafa. Inveta ikijitenga na gridi, nyutro yake, waya wa kurudishia umeme, mara nyingi inabaki inaelea, haina mahali inapokutana na erthi. Chaja inapima erthi kabla ya kuruhusu umeme, haiioni, inakataa, na iko sahihi. Pima: zima swichi kuu ya TANESCO, weka mita kati ya nyutro na erthi. Ukisoma karibu na sifuri, sawa. Ukisoma makumi ya volti au zaidi ya mia, nyutro inaelea. Mwite fundi umeme mwenye leseni awashe au aweke relei, swichi inayojiendesha yenyewe, inayofunga nyutro na erthi pale tu inveta inapokuwa peke yake. Usikubali kipande cha waya kilichofungwa moja kwa moja, kwa sababu TANESCO ikirudi umeme utapita kwenye waya wa erthi. Na usikubali kabisa erthi ikatwe ili "chaja iache kusumbua". Bodi ya gari ni chuma, na watoto wanaishika.

Ampea sasa. Weka 6, ndiyo ndogo kabisa ambayo chaja inaruhusu. Inaonekana kidogo, lakini 6 mara volti 230 ni wati 1,380, na kuanzia saa nne hadi saa tisa ni karibu uniti 7. Zinatosha. Ukiweka 13, wingu likipita, betri ya ukutani ndiyo inayolipa.

Kwenye kuweka saa ya gari kuanza kuchaji, kuwa makini. Saa nne asubuhi unaiandika 10:00. Na gari lililobaki na saa ya Japani liko mbele ya sisi kwa saa sita: 10:00 yake ni saa kumi alfajiri huku, utaamka ukute betri ya nyumba imekauka. Rekebisha saa ya gari kwanza.

Kama gari linashinda kazini wiki nzima, chaji Jumamosi na Jumapili kwa ampea 10, kwa muda wa saa sita kila siku. Jua likiwa zuri, utapata kama kilomita 150.

Siku ya kwanza usiondoke. Baada ya nusu saa shika plagi kwa kiganja. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa huwezi kuiacha mkononi, au unanusa plastiki, zima kwenye breka kwanza, ndipo uchomoe. Kisha fungua soketi, kaza skrubu, na kama tundu lina weusi, nunua soketi mpya.