Sake Inasifiwa Ugenini, Nyumbani Je?

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Najua humu ukumbini wapo wasiogusa kilevi. Mazungumzo haya ni yenu pia, maana nitasema zaidi juu ya kazi ya mikono kuliko juu ya kikombe.

Tuanze na jina. Mjapani akisema "sake" anataja kileo chochote, bia ikiwemo. Hii tunayoiita sake, kwao ni nihonshu, yaani pombe ya Japani. Tangu Desemba 2015 jina hilo linalindwa: haiitwi nihonshu ila iliyopikwa Japani, kwa mchele wa Japani.

Inapikwaje? Kwetu mpika pombe hutegemea kimea. Ulezi huloweshwa ukaota, na kule kuota ndiko kunakofungua wanga uwe sukari, chachu ipate chakula. Mchele uliokobolewa hauoti tena. Wajapani wakategemea ukungu, koji. Mchele uliopikwa kwa mvuke hutandazwa kwenye chumba chenye joto, ukanyunyiziwa mbegu za ukungu huo, na kwa siku mbili hivi wapishi huugeuza na kuupapasa, hata usiku wa manane, joto lisizidi wala lisipungue. Kisha huandaliwa chachu, na juu yake koji, mchele na maji hutiwa mara tatu kwa muda wa siku nne. Siku ya pili hawatii kitu. Huiita odori, yaani ngoma; chachu inaachwa ijichezee na kuongezeka. Ndani ya pipa hilo moja wanga unageuka sukari wakati sukari nayo inageuka kileo, ndiyo sababu sake hufika karibu asilimia 20 bila kutoneshwa kama gongo.

Mkuu wa wapishi huitwa toji. Zamani wengi wao walikuwa wakulima wa sehemu kama Iwate na Niigata. Mavuno yakiisha na theluji ikianguka, waliacha nyumba zao wakaenda kupika hadi majira ya kuchipua. Ufundi huu ndio UNESCO iliouingiza katika orodha ya urithi wa binadamu Desemba 2024.

Heshima hiyo imekuja wakati meza zenye sake huko nyumbani Japani zinapungua. Unywaji wa sake Japani ulifika kileleni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Leo haufiki hata theluthi ya ule. Watu hulaumu bia na mvinyo. Mimi nalaumu pia kilichotiwa ndani ya chupa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mchele ulikuwa adimu, wapishi wakaruhusiwa kuongeza spiriti, sukari na asidi hadi pombe ya pipa moja ikawa mara tatu. Njaa ilikwisha, mtindo ukabaki miongo kadhaa. Kijana aliyeonjeshwa kitu kile angeipendaje sake?

Walioirudishia jina ni wapishi walioshikilia junmai, yaani mchele, koji na maji matupu, na wale waliosugua punje hadi ibaki nusu yake au chini ya hapo, wakapata daiginjo yenye harufu ya matunda. Hiyo ndiyo iliyofungua milango ya New York na Hong Kong.

Serikali nayo imejaribu. Mwaka 2013 jiji la Kyoto lilianza kutumia kanuni ya kuhimiza watu wagonganishe vikombe kwa sake, bila adhabu kwa asiyefanya. Naipenda, kwa kuwa inairudisha karamuni, mahali ambapo mtu humimina kikombe cha mwenzake kabla ya chake. Mwaka 2022 idara ya kodi ikaitisha shindano, vijana wa miaka 20 hadi 39 walete mawazo ya kuchangamsha soko la vileo. Ililaumiwa sana, na kwa haki. Kumhimiza kijana anywe zaidi ili kodi ipatikane hakuna uhusiano na utamaduni.

Kuna jambo moja linaloniuma zaidi. Leseni mpya za kupika sake kwa soko la Japani kwa kawaida hazitolewi, ili viwanda vya zamani visizidiwe. Tangu Aprili 2021 anayeanza anaweza kupewa leseni, lakini ya kuuza nje tu. Kijana wa mkoa wa Akita aliyejifunza koji kwa miaka kumi anaruhusiwa kumpelekea sake yake mtu wa Paris, na jirani yake anayemwona kila asubuhi akiosha mchele hawezi kumuuzia chupa. Ningeulizwa pa kuanzia, ningeanza na sheria hiyo.