Tangazo la juisi ya ukwaju kwa Blender: juisi ijae kwenye glasi, isivuje

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo tunamimina ukwaju. Kazi yote tunaifanya ndani ya Blender, programu ya bure kabisa ya kutengeneza picha na video za 3D, na tukimaliza tutakuwa na tangazo la sekunde 10 ambalo unaweza kumpelekea mtu yeyote anayetengeneza juisi hapo mtaani kwako. Nimechagua ukwaju kwa sababu naupenda, na pia kwa sababu una rangi na uzito ambao soda haina. Kompyuta ikiupatia sawasawa, mtu anaangalia simu huku anameza mate.

Fungua programu, futa lile boksi la katikati, kisha hifadhi faili. Hifadhi sasa hivi, kabla ya kugusa chochote. Simulesheni ya kimiminika, yaani kompyuta kuigiza mwendo wa juisi, inaandika mafaili mengi kwenye diski, na faili lako lisipokuwa na jina yatatupwa kwenye folda ya muda. Mimi naelekeza kwenye diski ya nje, maana hii kitu inakula gigabaiti.

Glasi sitakaa nayo sana. Chora nusu ya umbo, lizungushe, lipe unene wa milimita 3, basi. Kama kuchora kunakuchosha, pakiti yangu ya glasi na majagi ipo, kiungo nimekiweka chini ya video. Kinachotakiwa ni vipimo vya kweli: glasi hii ina urefu wa sentimita 14 na upana wa sentimita 7. Ukimaliza, Ctrl na A, chagua skeli, ili Blender ivikubali vipimo hivyo.

Sasa domeini. Hilo ni boksi linaloizunguka glasi na kubakiza nafasi ya kumiminia juu yake. Juisi inaishi humo ndani tu, nje ya boksi hakuna juisi. Langu lina urefu wa sentimita 30. Nenda kwenye fizikia, fluidi, domeini, aina ni kimiminika. Sawa? Ctrl na A tena.

Hapa tunakwenda polepole. Naomba usiruke mbele.

Kuna namba ya mgawanyo, Blender inakuletea 32. Maana yake ni kwamba ule upande mrefu wa boksi umekatwa vijumba 32. Piga hesabu: milimita 300 gawanya kwa 32, unapata kijumba cha milimita 9 na kidogo. Ukuta wa glasi yetu una milimita 3. Kwa macho ya kompyuta ukuta huo ni kama haupo. Ngoja niibeki, yaani niiache kompyuta ikokotoe mwendo wa juisi na kuuhifadhi, hivi hivi muone wenyewe. Inajaa... inajaa... hapo! Simamisha. Nirudishe fremu mbili nyuma. Angalia chini kushoto, karibu na kitako. Juisi imepita ukutani na inaning'inia nje ya glasi. Kwa mteja hiyo ni glasi iliyopasuka.

Wengi wakiona hivyo wanapandisha mgawanyo mpaka 256. Usikimbilie huko. Kila ukizidisha mgawanyo mara mbili, vijumba vinaongezeka mara nane, kwa hiyo kutoka 32 mpaka 256 umeongeza vijumba mara 512. Laptopu yenye RAM ya gigabaiti 8 utaisikia ikilia.

Dawa yake ni glasi ya pili, ya siri. Nakili glasi yako. Hiyo nakala inenepeshe kwa kwenda nje, ukuta ufike sentimita moja. Ipe fizikia, fluidi, efekta, yaani kizuizi. Halafu ifiche isionekane kwenye kurenda, yaani kwenye kutoa picha za mwisho. Glasi nzuri, ile nyembamba, usiipe fizikia yoyote. Yake ni kuonekana tu. Juisi inazuiwa na ile nene, kamera inaona ile nyembamba. Ukiweka mgawanyo wa 128, kijumba kinakuwa na milimita 2.3, na ukuta wa sentimita moja unapata vijumba vinne. Hapo haivuji.

Narudia: kunenepa kwenda nje. Nje! Ukinenepesha kwa ndani umeipunguza glasi, na juisi itasimama mbali na kioo. Tena ukuta wa ndani wa ile ya siri usogeze nje kiasi cha kijumba kimoja, ili juisi iingie kidogo ndani ya unene wa glasi nzuri. Pakibaki upenyo wa hewa kati ya juisi na glasi utauona wakati wa kurenda kama utando wa fedha pande zote, na ukwaju wako utafanana na zebaki. Kwa hiyo kabla hujabeki, kagua mambo matatu: skeli imekubaliwa, glasi ya siri imenenepa kwa nje, na ni hiyo ya siri ndiyo kizuizi. Kagua tena.

Chanzo cha juisi ni tufe dogo kama gololi, kikae ndani ya domeini juu ya glasi, aina yake ni cha kuingiza. Kipe kasi ya kwenda chini. Kwenye fremu ya 120 zima mtiririko kwa kiifremu (alama unayoiweka kwenye fremu fulani ili thamani ibadilike hapo), la sivyo juisi itafurika.

Unene wa juisi sasa. Kuna sehemu ya mnato, ina vipimo vya maji, mafuta na asali vilivyokwisha kuandaliwa. Maji ni 1 yenye kipeo 6. Mimi ukwaju nauweka 5 yenye kipeo hicho hicho, yaani mzito mara tano kuliko maji. Unamwagika bado vizuri ila hautawanyiki hovyo. Kama wewe wa kwenu wanaukamua mwepesi, weka 3.

Halafu muda. Kitu kikianguka sentimita 30 kinatumia robo sekunde. Kwa fremu 25 kwa sekunde, hizo ni fremu 6 tu. Mtazamaji hajapepesa macho juisi imeshafika chini! Ndiyo maana matangazo ya vinywaji hupigwa kwa kamera kama Phantom, zinazochukua fremu 1000 na zaidi kwa sekunde. Sisi tunashusha skeli ya muda iwe 0.25, na ule mporomoko unachukua sekunde nzima. Hapo ndipo unaona ule mkia wa juisi ukijikunja chini ya glasi. Mimi sehemu hiyo naweza kuiangalia siku nzima.

Aina ya hifadhi iweke ya vipande, na uwashe ile inayoruhusu kuendelea pale ulipoishia. Inakula diski zaidi, lakini umeme ukikatika hutaanza upya. Beki data kwanza, kisha meshi, yaani uso wa juisi unaoonekana. Samahani kwa huo mvumo, ni feni, ndiyo imeanza kazi.

Wakati inabeki tuongee barafu. Katika simulesheni hii barafu inaisukuma juisi, lakini juisi haiisukumi barafu. Kwa hiyo ukitaka vipande viinuke juisi inapopanda, wewe ndiye utakayeviinua kwa mkono, kiifremu kwa kiifremu, kabla ya kubeki. Acha sehemu kama moja ya kumi tu juu ya juisi. Barafu inayoelea nusu nje macho yanaikataa mara moja.

Imeisha? Imeisha. Twende kwenye rangi.

Ukwaju sio kioo cha kahawia. Ni wa ukungu, una nyamanyama. Juu weka mpindo wa mwanga 1.35, glasi 1.5, barafu 1.31. Ndani ya juisi weka ujazo unaofyonza mwanga, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Ukiacha msongamano 1 hutaona kitu, kwa sababu glasi ina sentimita 7 tu za kupita mwanga, anzia 40. Ongeza na utawanyiko kidogo ndio upate ule ukungu. Kurenda kutachukua muda zaidi, ila bila huo ukungu umetengeneza soda. Taa kubwa iweke nyuma ya glasi, kidogo pembeni. Ikiwa mbele, juisi inakuwa nyeusi tii.

Jasho la glasi: sambaza vitone vya ukubwa tofauti juu ya uso wa nje. Viishie pale juisi inapoishia. Juu ya hapo glasi haijapoa, haitoi jasho. Mtu wa Dar au Mombasa anaijua glasi baridi inavyokaa mezani, huwezi kumdanganya.

Kurenda: wima, 1080 kwa 1920, fremu 250. Toa picha moja moja za PNG, usitoe video moja kwa moja. Ondoa alama kwenye ile ya kuandika juu ya faili lililopo, ili ukianza tena ziruke zilizokwisha. Yangu inachukua dakika 3 kwa fremu, yaani jumla ya masaa 12 na nusu, kwa hiyo nawasha jioni. Washa kisafisha chenga, lakini usishushe sampuli (idadi ya miale ya mwanga kwa kila nukta ya picha) chini ya 128, juisi itacheza cheza.

Picha zikikamilika ziunganishe, nembo ya mteja iingie fremu ya 200, glasi ikiwa imetulia. Sauti ya kumimina irekodi jikoni kwa simu. Na kama bado inakuvujia, niandikie hapo chini urefu wa domeini yako, mgawanyo uliotumia na unene wa glasi ya siri. Nikipata hizo namba tatu nitakuonyesha panapovuja.