Kabla hujashika fimbo, muulize alikuwa anatengeneza nini

Haya wazazi wenzangu asanteni, kaeni kaeni. Wanaonijua wanajua ntasema nini maana nimeshalisema sana na ntaendelea kulisema, mtoto wa kiume mtundu sio mtoto mbaya. Kwamba wanachosha sitawaeleza, mnaishi nao, mnajua kabisa chumbani kukiwa kimya sana ndio ukimbie ukaone kuna nini.

Ngoja niwape kisa cha mtoto wa dada yangu kule Tanga, yuko darasa la kwanza. Mjomba wake kaja mgeni, kavua ndala zake mpya mlangoni, kala, kalala. Jioni anaamka aende msikitini anakuta kila ndala ina matundu mawili, mviringo kabisa, yamekatwa kwa ustadi! Nyumba nzima kelele, dada keshashika mwiko, mtoto kapanda juu ya mpera hashuki. Nikaenda chini ya mti nikamuuliza, baba, ulikuwa unatengeneza nini? Akasema gari. Na kweli, nyuma ya choo kuna gari, kidumu cha mafuta ya kula cha lita 5 kimekatwa ubavuni, vijiti viwili ndio ekseli, matairi manne ya ndala za mjomba, na usukani wa fito ndefu ili aendeshe amesimama. Nikamwambia sasa si ungekata ndala kuukuu, mbona zipo tele? Akanijibu bila wasiwasi, "Hizo zimelika upande mmoja mama mdogo, gari litayumba."

Jamani! Mtoto hata kusoma hajakamilisha anajua tairi lililolika linavuta gari upande, halafu tumchape kwa akili hiyo? Kosa lake ni ndala za watu, gari halina kosa lolote, na haya mawili wazazi tunayachanganya kila siku, tunapiga vyote kwa fimbo moja. Basi akashuka, akamwomba mjomba radhi, akapewa kazi ya kumchotea maji ya kuoga mpaka siku anayoondoka, na gari hatukulivunja. Mjomba mwenyewe alienda kuswali na kandambili za chooni, moja nyekundu moja ya bluu, mpaka leo mtaani wanamkumbusha.

Najua, nawaona akina baba pale nyuma mnatikisa vichwa, mnataka kuniambia samaki mkunje angali mbichi. Nakubali! Ila nani kati yenu kashaona samaki anakunjwa kwa kutwangwa na mchi? Mtasema tena mbona hata shule wanachapa. Shule kuna kanuni, viboko havizidi vinne, mwalimu mkuu achape mwenyewe au atoe ruhusa, na inaandikwa kwenye daftari. Nyumbani nani anahesabu, nani anaandika? Na wenzetu Kenya viboko shuleni walivipiga marufuku tangu 2001, mbona watoto wao wanasoma tu.

Haya, naonyeshwa saa huku, mengine nayapitisha mbio mbio. Michezo: Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 3 na 4 anatakiwa ajishughulishe na mwili angalau dakika 180 kwa siku, saa tatu nzima hizo, na kuanzia miaka 5 wastani wa dakika 60 kwa siku za kutoka jasho. Sasa umempanga kwenye chumba na sebule, uwanja wa mtaa umeshajengwa fremu za maduka, halafu unamgombeza anaruka kwenye kochi. Arukie wapi?

Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, hilo naomba tuache kabisa, nawaomba sana. Mtundu anaonja kila kitu. Na akinywa usimtapishe, yakirudi juu yanaingia kwenye mapafu, mkimbize hospitali hivyo hivyo. Akimwagikiwa chai ya moto mweke kwenye maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, sio dawa ya mswaki, sio yai, sio unga.

La simu, na la bibi anayempa peremende mtoto uliyemkataza wewe, nilikuwa nayo yote lakini muda ndio huo. Maswali karibuni, tuanze na yule baba aliyetikisa kichwa kuliko wote, mpeni maiki.