Barabara Iliyojengwa Ili Watu Wasiende Haraka

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kuja.

Barabara nyingi za milimani zilijengwa na watu waliotaka kuumaliza mlima upesi, washuke upande wa pili waendelee na shughuli zao. Ninayotaka kuwazungumzia jioni hii ilijengwa kwa nia tofauti kabisa. Ni Blue Ridge Parkway, inayopita juu ya migongo ya milima ya Appalachian, mashariki mwa Marekani. Inaanzia Rockfish Gap katika jimbo la Virginia na kuishia karibu na mji wa Cherokee, North Carolina, maili 469 baadaye, yaani kilomita 755 hivi. Kaskazini imeungana na mbuga ya taifa ya Shenandoah, kusini na ile ya Great Smoky Mountains. Mwenye haraka ana barabara kuu za bondeni, na atafika siku hiyo hiyo. Anayepita juu hakimbilii kufika. Hoja yangu ni kwamba utulivu anaoupata dereva kule juu haukujileta wenyewe. Uliwekwa kwa makusudi, kona baada ya kona, na ukijua ulivyowekwa utaifaidi safari zaidi.

Kazi ilianza tarehe 11 Septemba 1935, mpakani mwa majimbo hayo mawili. Ilikuwa miaka ya Mdororo Mkuu, uchumi ulipoporomoka na wengi kukosa kazi, na serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilikuwa ikitafuta miradi ya kuwapa watu ajira. Usanifu wa mandhari ulikabidhiwa kijana ambaye hakuwa hata ametimiza miaka 30, Stanley Abbott. Namheshimu sana mtu huyu. Alitambua kwamba mtu akioneshwa kilele baada ya kilele kwa saa nzima, macho yanachoka. Kwa hiyo barabara haing'ang'anii juu muda wote. Inapanda mpaka ukingoni unakoona mabonde mbali kabisa, kisha inakutumbukiza msituni, inakupitisha kando ya shamba lenye uzio wa magogo, inavuka kijito, halafu inakupandisha tena. Mashamba yale nayo hayakuachwa hivi hivi. Wasimamizi waliwakodisha wakulima ardhi ya pembeni ili iendelee kulimwa na kulishwa mifugo, maana bila hivyo msitu ungeifunika na mandhari ingejifunga.

Tazameni pia kona zake. Hazikushtui. Zinaanza kwa upole, zinajikunja kidogo kidogo, kisha zinajinyoosha kwa upole ule ule, na vipande virefu vilivyonyooka ni vichache mno. Mwendo wa juu ulioruhusiwa ni maili 45 kwa saa, kama kilomita 72, na sehemu nyingine chini ya hapo. Malori ya biashara hayaruhusiwi. Mabango ya matangazo hakuna. Hata kituo cha mafuta hakuna barabarani humo, na jambo hilo nitalirudia.

Lakini nisiwadanganye kwamba uzuri huu haukumgharimu mtu. Zipo familia zilizopoteza ardhi, na wengine walijikuta wakiishi jirani na barabara nzuri wasiyoruhusiwa kupitishia mazao. Wacherokee, wenyeji wa asili wa milima hiyo, waliukataa mpango wa kwanza, ambao ungechukua ardhi yao nzuri ya kilimo katika bonde la Soco, wakashikilia msimamo mpaka njia ikahamishiwa juu mlimani.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Mabry Mill, kwenye kibao cha maili 176. Wanaosimama kupiga picha hapo ni wengi kupita kiasi. Utaona kinu cha mbao kilichopauka, gurudumu kubwa la maji ubavuni mwake, na bwawa dogo mbele linalorudisha picha ya vyote viwili. Ed Mabry alikijenga mwanzoni mwa karne ya 20. Alisaga mahindi, akapasua mbao, akafua na chuma. Maji yalikuwa haba, kwa hiyo aliyakusanya kutoka vijito vya karibu kwa mifereji ya mbao iliyoinuliwa juu ya miguu ya magogo. Mifereji hiyo utaiona ukizunguka nyuma ya kinu, mahali ambapo wapiga picha wengi hawafiki. Sasa, nyumba ya Mabry na mkewe Lizzie ilikuwa ya mbao zilizopasuliwa, yenye ghorofa, nyumba ya mtu aliyefanikiwa. Ilibomolewa. Baadaye kibanda cha magogo kililetwa kutoka kwingine kikawekwa pale, kwa kuwa kilifanana zaidi na picha ya mtu wa milimani ambayo wageni walikuwa nayo vichwani. Nawaomba mkifika pale msimame, mfurahi, na pia mmkumbuke Lizzie Mabry, ambaye nyumba yake haipo.

Sehemu ya mwisho kukamilika ilikuwa ubavu wa mlima Grandfather. Mwenye mlima, Hugh Morton, aliwagomea wajenzi kwa miaka mingi, hataki ukatwe. Mvutano ule ndio ulioleta daraja la Linn Cove, na mimi nasema alistahili kushukuriwa. Daraja lina urefu wa mita 379 hivi na limeundwa kwa vipande 153 vya zege. Kati ya vyote, kilichonyooka ni kimoja tu. Wajenzi walitanguliza kipande kimoja, wakakikanyaga ili kushusha kinachofuata mbele yake, hivyo hivyo mpaka mwisho, na chini ardhi ikaguswa na misingi ya nguzo tu. Zege lenyewe lilichanganywa na rangi ya kutu ya chuma ili lifanane na miamba. Lilipofunguliwa mwaka 1987, barabara ikawa imekamilika, miaka 52 tangu kazi ianze.

Sasa niseme neno kwa wenye nia ya kwenda. Msing'ang'anie barabara peke yake. Ile kukosa vituo vya mafuta kunakulazimisha kuteremka mijini, na miji yenyewe ni nusu ya safari. Floyd, huko Virginia, ni mji mdogo sana unaojulikana kwa muziki wa banjo na fidla. Galax, mbele kidogo, umekuwa na mashindano ya wapiga fidla tangu 1935, mwaka ule ule barabara ilipoanza kuchimbwa. Spruce Pine hauna majivuno, lakini ardhini mwake mna kwatzi, aina ya jiwe linalong'aa, safi kupita kiasi, inayotumika katika kutengeneza silikoni ya kompyuta na simu zetu. Teremka mchana, tembea mtaa mmoja au miwili kwa miguu, jaza tangi, kisha rudi juu.

Kwenye miteremko mirefu tumia gia ndogo, uache injini ishike gari. Dereva anayekanyaga breki mfululizo anazichemsha, na breki zilizochemka hazishiki. Washa taa kabla ya kuingia mahandakini. Yako 26, na ndani ni giza. Ukiona magari yamejipanga nyuma yako, ingia kwenye kituo cha kutazamia mandhari uwapishe. Wao watashukuru, na wewe utakuwa umepata sababu ya kushuka.

Ukishuka, tazama ule ubuluu ulioipa milima jina lake, safu nyuma ya safu, kila moja imefifia kuliko iliyo mbele yake. Si moshi. Miti inatoa mvuke wa kemikali uitwao isoprini, ambao huchangia kufanya ukungu mwembamba unaotawanya mwanga wa buluu. Msitu wenyewe ndio unaojipaka rangi.

Kuhusu majira, wengi huenda Oktoba majani yanapogeuka, na barabara hujaa. Jambo ambalo wageni hulikosa ni kwamba rangi huanzia juu. Sehemu ya juu kabisa ya barabara ina mita 1,845 juu ya usawa wa bahari, ya chini, kwenye mto James, haifiki 200. Kwa hiyo majani yakishapukutika vileleni, teremka, utayakuta bondeni bado yanawaka. Mimi binafsi napendelea Juni, maua ya rododendroni yanapofunika miteremko ya Craggy Gardens. Baridi ikija, vipande vingi hufungwa kwa sababu ya barafu.

Na kabla ya kufunga safari, ulizieni hali ya barabara kwa idara ya mbuga za taifa. Kimbunga Helene cha Septemba 2024 kiliangusha miti na kuporomosha udongo, hasa upande wa North Carolina, na matengenezo ya uharibifu ule ni kazi ya muda mrefu. Kama mna siku moja tu, na njia iko wazi, chagueni kipande cha Blowing Rock mpaka maporomoko ya Linville. Ni kifupi, kwa hiyo kipeni siku nzima. Egesheni gari karibu na Linn Cove, mwingie kwenye njia ya miguu inayopita chini ya daraja, mtazame miti mingapi iliachwa imesimama.