Mkao wa swila: kifua kiinuke, kiuno kisibanwe

Haya, karibuni. Leo kwenye yoga tunafanya mkao wa swila, Wahindi wanauita bhujangasana. Unayeshinda kwenye kiti au cherehani, huu ni wako kabisa. Ila una mimba, una ngiri, umepasuliwa tumbo karibuni, au maumivu ya mgongo yanateremka mguuni? Usiufanye. Muone daktari kwanza.

Lala kifudifudi, miguu imenyooka. Viganja chini ya mabega, viwiko vibane mbavu.

Hapa sasa taratibu. Kandamiza kinena kwenye mkeka, vuta pumzi, inua kifua kwa misuli ya mgongo. Mgongo, siyo mikono! Pingili za kiuno ni 5 na hukunjika upesi. Zile 12 za kifuani zimeshikwa na mbavu, ni ngumu. Ukijisukuma kwa mikono, mzigo wote unakimbilia kiunoni.

Ngoja, ngoja. Dada, hebu shuka. Mpiga picha, sogea huku uwaonyeshe viwiko. Mnaona vilivyofunguka? Na mabega yamepanda hadi masikioni. Anza upya, dada, bila haraka... Eeh, hapo! Sasa nyanyua viganja kidogo tu, karatasi ipite chini yake. Kifua kimebaki palepale? Basi hicho ndicho kimo chako cha leo. Kimeanguka? Ilikuwa kazi ya mikono; punguza kimo. Mimi napenda swila mfupi anayepumua kuliko mrefu aliyekunja uso.

Na shingo jamani, usiitupe nyuma. Macho yatazame sakafu mbele yako kidogo. Nasema tena: kichwa kisirushwe nyuma.

Kaa pumzi 3 hadi 5, shuka ukitoa pumzi, laza shavu moja. Mara 3 zinatosha. Kisha kalia visigino, uiname, paji la uso chini, kiuno kipumzike.

Faida yake? Misuli iliyo kando ya uti wa mgongo inapata nguvu, kifua kilichojikunja siku nzima kinafunguka, na ukizoea, kukaa wima hakukuchoshi sana. Wanaowaambia unayeyusha kitambi wanawadanganya. Kitambi kinataka kazi nyingine.

Kuvutika kidogo kwa misuli ni sawa. Kuchomwa kiunoni au ganzi mguuni siyo sawa, shuka hapohapo na uache.

Dada, uko tayari? Haya, wote chini, turudie pamoja. Viwiko ndani... vuta pumzi.